Wimbo Ulioitwa wa Jadi

Kwa miaka ishirini Tryphena Mshai aliimba nyuma ya wanaume watatu, na katika miaka yote hiyo hakuna bango la bendi lililowahi kuandikwa jina lake. Bango lilisema Ndara Rhythm ya Voi. Chini yake lilikuja jina la Hudson Mwandawiro, kiongozi na mpiga gitaa la solo, kisha Alwi wa kinanda, kisha Musyimi wa drams, na mwisho kabisa, kama nafasi ilibaki, "pamoja na waimbaji". Waimbaji walikuwa ni yeye peke yake.

Hakulalamika. Alikuwa na kazi yake ya mchana ya kusimamia mashine ya posho mtaa wa Sofia, na mume dereva wa lori la mkonge, na binti mmoja, Evelyn, aliyekuwa akisomea uuguzi Mombasa. Muziki ulikuwa wa Jumamosi. Walipiga kwenye harusi na harambee, na katika hoteli moja ya barabara kuu ambako madereva wa masafa hupumzika. Walipiga rumba ya Kikongo ambayo Hudson aliikariri kutoka kwenye kaseti, chakacha walipoalikwa na jamaa zake Alwi, na zilizopendwa kwa ajili ya wazee. Tryphena aliimba hata Kilingala. Hakukijua, wala Hudson hakukijua. Walikiimba tu kama mtu anavyosoma namba ya gari inayopita.

Kumbe mwanamke huyu alikuwa na nyimbo nyingine kifuani. Alizaliwa Chawia, kule milimani, akalelewa na bibi yake mzaa mama, na bibi huyo hakuna jambo alilolifanya bila kuimba. Aliimba akipalilia, aliimba akikata majani ya ng'ombe, na jirani aliyemuudhi alimsuta kwa wimbo huku akimtazama usoni. Alijua pia mapigo ya mwazindika, ile ngoma ya kale ya Wadawida, watu wa milima hiyo, ambayo zamani ilipigwa kumtibu mtu aliyepagawa, naye aliyapiga kwa viganja juu ya debe tupu akisubiri maharagwe yaive. Tryphena aliyapata yote hayo bila kufundishwa, kama mtoto anavyopata lafudhi ya kwao.

Mwaka wa 2014, siku ya mazoezi, aliamua kusema. Mazoezi yao yalifanyika katika ghala la familia ya Alwi, nyuma ya duka lao la vifaa vya ujenzi, katikati ya mabati na ndoo za rangi. Aliwaambia wenzake kwamba rumba ya Kikongo wanayo Wakongo wenyewe, na wanaipiga vizuri kuliko wao. Kwa nini wasichukue pigo la mwazindika, gitaa likaifuata ngoma badala ya ngoma kulifuata gitaa, na maneno yakawa ya Kidawida? Akawaonyesha kwa kupiga paja lake. Musyimi, ambaye ni Mkamba na hakuna ngoma asiyotaka kuijaribu, alilidaka pigo lile papo hapo na uso wake ukachangamka.

Hudson akainua mkono, ngoma ikanyamaza.

"Mama Evelyn," alisema, "mimi ni mzee wa kanisa. Hizo ni ngoma za mapepo. Nani ataniita harusini na ngoma za mapepo?"

Alwi akaongeza utani kwamba bibi harusi atatoka mbio na shela lake mpaka Maungu. Wote wakacheka. Tryphena naye akacheka, na katika mambo yote ya siku ile ni kicheko chake mwenyewe kilichokuja kumuuma zaidi miaka ya baadaye.

Lakini kukatazwa kuimba ghalani si kukatazwa kuimba. Aliendelea kutunga akiwa kazini. Mashine ya posho ina mwendo wake; mtu akiisikiliza kutwa nzima kwa miaka, inamfundisha kupumua nayo. Wanawake waliopanga foleni na mahindi yao walizoea kumsikia, na wengi wao, kwa kuwa walitoka Mwanda, Mbale, Chawia na kwingineko milimani, walimwitikia. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa wimbo wa mkanda.

Ulizaliwa mwaka wa kiangazi kibaya, ndovu walipotoka mbugani na kuingia mashamba ya bondeni usiku kucha. Kilichobaki mashambani kilikuwa kidogo, na wanawake walikileta Sofia kwa videbe na vibakuli. Siku hiyohiyo mkanda wa mashine ukakatika. Fundi alikuwa Mombasa. Foleni ilifika mpaka barabarani, watoto wanalia, jua linawaka, na Tryphena akaanza kuiimbia ile mashine kama mtu anayembembeleza mzee aliyenuna. Maneno yake, kwa Kidawida, yalisema jua limekula, na mabaki ya jua yameliwa na ndovu, na mabaki ya ndovu sasa mashine ya Sofia imeyakataa. Mashine, tumekukosea nini? Wanawake walipokea kiitikio wakacheka mpaka machozi, na kwa wengine machozi hayo hayakuwa ya kicheko. Tangu siku hiyo wimbo ukawa wa foleni. Kila aliyeusikia alijua umetungwa na nani na umetungwa lini.

Miaka ikapita. Harusi zikaanza kuita madijei. Kijana mmoja na kompyuta yake na spika mbili alitosha, wala hakuhitaji kulishwa kama wanaume watatu na mwanamke mmoja. Ndara Rhythm ikawa inapiga mara moja kwa miezi miwili, kisha mara moja kwa miezi minne. Hudson alistaafu ukarani, akawa anashinda nyumbani akipangusa gitaa. Hapo ndipo alipotokea Lewis.

Lewis alikuwa kijana wa Nairobi aliyefungua studio ndogo Voi, chumba kimoja kilichopigiliwa magodoro ukutani. Aliwasikia wakipiga kwenye harambee ya kanisa, akawafuata baada ya shughuli na kuwaambia bila kuzunguka kwamba wanapiga vizuri lakini wamepitwa. Hakuna mtu duniani, alisema, anayetafuta Kilingala kutoka Voi. Akauliza watu wa huku wana ngoma gani ya kwao.

Hudson hakufikiri hata kidogo. "Tuna mwazindika," alisema.

Tryphena aligeuka akamtazama. Mzee wa kanisa alikuwa anaieleza ngoma ile kama mtu anayeeleza ng'ombe wa zizini kwake: inavyoanza taratibu, inavyopanda, gitaa linavyopaswa kuifuata na si kuitangulia. Ni maneno yaleyale ya mwaka 2014, hata mpangilio wake haukubadilika. Yakitoka kinywani mwa Tryphena yalikuwa mapepo. Yalipoulizwa na kijana mgeni mwenye kompyuta yakageuka kuwa utamaduni. Tryphena akajiambia kwamba muhimu ni jambo kufanyika.

Na kwa wiki kadhaa lilifanyika vizuri hata akasahau. Lewis alitaka nyimbo za zamani, na wote wakamtazama Tryphena. Akamwimbia tatu kwenye simu yake ya kurekodia. Mbili zilikuwa za bibi yake. Ya tatu ulikuwa wimbo wa mkanda, naye alimwambia waziwazi, "Hii ya tatu ni yangu mwenyewe. Niliitunga kazini." Lewis, akiwa ameinama katika nyaya zake, alijibu, "Sawa, mathe," na ndiyo yakawa makubaliano yao. Ghalani Tryphena alimsahihisha Musyimi pigo kwa pigo. Alimwonyesha Alwi mahali kinanda kinapotakiwa kunyamaza, kwa sababu katika ngoma ile kunyamaza nako ni kupiga. Na Hudson, lazima isemwe, alipata sauti mpya. Gitaa lililokuwa limechoka kwa rumba za kukariri likaanza kuuliza na kujibu, kama mtu aliyerudishiwa ulimi. Lewis akaweka besi ya kompyuta chini ya vyote hivyo, na walipousikiliza wimbo kwa mara ya kwanza pale ghalani walimwambia aurudishe mwanzo.

Kisha akaletwa Wendy.

Wendy alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mama yake Mdawida, mwenyewe amekulia Nairobi. Sauti alikuwa nayo, hilo Tryphena hakulikana. Alichokosa ni lugha. Hakujua Kidawida hata cha kuombea maji. Hudson alimweka Tryphena kando na kumweleza, kwa upole wa mtu anayetoa habari za msiba, kwamba mambo ya siku hizi yanataka uso wa kijana. Wendy ndiye atakayeimba mbele. "Wewe utabaki kuwa mzizi wetu," alisema. "Mzizi hauonekani, Mama Evelyn, lakini ndio unaoshika mti."

Mzizi huyo akatafutiwa nguo. Ilikuwa ngozi iliyoshonewa simbi, na kofia ya manyoya meupe, vitu vilivyokodishwa kutoka kwa kikundi cha kuwachezea watalii hotelini. Kazi yake ingekuwa kusimama nyuma na kupiga vigelegele. Tryphena aliishika ile ngozi kwa vidole viwili. Aliwaambia kwamba bibi yake alivaa gauni la marinda na leso mbili, na Jumapili kofia ya sufi aliyoifuma mwenyewe. Hakuna mwanamke wa Chawia anayemjua yeye aliyewahi kuvaa kuku kichwani. Hudson akasema ni kwa ajili ya video tu. Tryphena akasema kama ni kwa ajili ya video tu, avae Hudson.

Hakuna aliyebishana naye. Walichofanya ni kwenda kupiga video Mwanda siku ya Alhamisi, saa za kazi, bila kumwambia. Alipata habari kwa mteja mmoja aliyekuja na mahindi yake wiki mbili baadaye. Mama yule alimwonyesha simu akidhani anamletea furaha. "Si ni wimbo wetu huu? Mbona wewe sikuoni?"

Ulikuwa wimbo wa mkanda. Wendy alikuwa juu ya jabali, upepo unampeperushia leso, anaimba maneno ambayo hakuyajua na mengine ameyavunja kabisa. Nyuma yake mwanamke mwingine, aliyekodishwa pamoja na nguo, alikuwa amevaa yale manyoya. Tryphena aliyavumilia yote hayo mpaka mama yule aliposogeza kidole, na maandishi ya chini yakatokea. Utunzi: wimbo wa jadi wa Wadawida. Mpangilio: Hudson Mwandawiro na Lewis.

Aliyasoma mara tatu. Kisha alimpigia simu binti yake na kumuuliza watu wakiandika hivyo juu ya wimbo wana maana gani. Evelyn alimweleza kwamba maana yake ni wimbo wa zamani, ambao aliyeutunga hajulikani au alikufa siku nyingi.

"Kwa hiyo mimi nimekufa," Tryphena alisema.

Jumamosi alikwenda ghalani kabla ya wengine, akamngoja Hudson. Hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba anataka jambo moja, jina lake liandikwe. Hudson alikaa juu ya ndoo ya rangi na kuanza kumfundisha. Wimbo wa bendi ni wa bendi, alisema, na wimbo wa Kidawida ni wa Wadawida wote. Yeye alichofanya ni kuuokota tu kwa bibi yake, kama ambavyo bibi yake aliuokota kwa mwingine. Je, atadai pia kwamba Kidawida ni chake? Tena akamkumbusha kwamba ni yeye, Hudson, aliyemtoa kwenye kwaya akampa maikrofoni, na kwamba kuna wanawake wengi Voi wenye sauti.

Wakati huo Alwi na Musyimi walikuwa wameingia, wanasikia. Musyimi alikaza skrubu ya ngoma ambayo ilikuwa imekaza tayari. Alwi alitazama vitufe vya kinanda chake kama mtu anayevihesabu. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi; lakini angalau walaji wengine hushukuru. Tryphena alimtazama kila mmoja wao kwa zamu, akachukua mkoba wake na kutoka. Alitembea mpaka Sofia chini ya jua la saa saba, na hata leo hakumbuki ni nani aliyemsalimu njiani.

Mtu angedhani limeishia hapo, kwa maana mengi ya namna hiyo huishia hapo. Lakini Hudson alialikwa redioni.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, kipindi cha kituo kimoja cha mjini ambacho karibu kila duka la Voi hukifungulia. Foleni ya mashine ilikuwa ya wanawake kumi na wawili hivi. Redio ilikuwa juu ya rafu, na Tryphena hakujua mgeni ni nani mpaka aliposikia lile gitaa. Alipunguza mwendo wa mashine. Mtangazaji alikuwa anamsifu Hudson kwa ujasiri wa kuibadilisha bendi baada ya miaka ishirini, umri ambao wengine hutundika vyombo. Akamuuliza wazo hilo lilimjia vipi.

Hudson akakohoa kidogo, akaanza. Alisema kwa muda mrefu moyo wake ulikuwa unamsuta kwa kuwatupa mababu. Alisema amepigania jambo hili ndani ya bendi, wengine hawakumwelewa. Ama huo wimbo wenyewe, aliimbiwa na bibi yake, Mwanda, akiwa mtoto wa kubebwa, na bibi yake naye aliupokea kwa mama yake tangu enzi za vita vya Mjerumani.

Wanawake wote kumi na wawili walimgeukia Tryphena. Yeye alinyoosha mkono akazima mashine, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo redio ikasikika barabara mpaka nje.

Akatoa simu na kupiga namba ya kituo. Ilikuwa na shughuli. Akapiga tena. Redioni mzee mmoja wa Mahoo, kule Taveta, alikuwa anampongeza Hudson na kumwomba Mungu amzidishie. Akapiga tena. Sasa ilisikika sauti ya mwanamke mzee, nyembamba lakini imekakamaa, iliyosema inatoka Mwanda.

"Mwanangu," ilisema sauti ile, "mimi ni mzaliwa wa huko Mwanda, na nina miaka themanini na mmoja. Huo wimbo nimeusikiliza vizuri. Unaiimba mashine ya kusaga iliyokatika mkanda, mtaa wa Sofia. Sasa nauliza, bibi yako alikuwa na mashine ya kusaga enzi za vita vya Mjerumani?"

Mtangazaji alicheka kabla hajajizuia. Hudson alisema kwamba hayo ni mafumbo, kwamba wazee walikuwa wakisema mashine wakimaanisha jiwe la kusagia. Bibi yule wa Mwanda akauliza kama Sofia nayo ni fumbo la mtaa gani. Ndipo mambo yalipokuwa wazi kwa kila aliyekuwa akisikiliza: bwana huyu, aliyezaliwa na kukulia mjini, alikuwa ameuchukua wimbo asioelewa nusu ya maneno yake, na katika wiki zote za mazoezi hakupata kumuuliza mwenyewe unasema nini.

Simu ya Tryphena ikaitikiwa. Mtangazaji akamuuliza jina na anakopigia.

"Naitwa Tryphena Mshai," alisema. "Niko Sofia, kwenye hiyo mashine. Huo wimbo niliutunga mimi, mwaka ule wa ndovu. Wameandika ni wa jadi. Mimi si jadi. Niko hai, nimesimama hapa na unga mikononi."

Mtangazaji, kwa sauti ya tahadhari, akauliza kama ana ushahidi. Tryphena alimwambia asikate. Akaiweka simu juu ya gunia la mahindi, akapiga debe kwa viganja mara nne, akaanza. Wanawake hawakungoja kuombwa. Waliupokea kama walivyoupokea siku ya kwanza, kwa kiitikio kile kinachopanda, na wakaufikisha hadi ubeti wa mwisho, ubeti ambao haukuwemo katika video kwa sababu Lewis hakuwahi kuurekodi. Ni ubeti unaomtaja fundi aliyekwenda Mombasa, kwa jina lake. Fundi huyo, wakati huo, alikuwa amekaa hotelini karibu na stesheni ya Voi anakunywa chai, redio inasikika, na inasemekana alikiweka kikombe chini akainamisha kichwa.

Alasiri hiyo Hudson aliitisha kikao. Tryphena alikwenda akiwa na nguo za kazini, makusudi. Hudson alisema ameaibishwa mbele ya kaunti nzima, na kwamba mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani. Tryphena alimjibu kwamba aliyaleta nyumbani Jumamosi, akapewa somo juu ya wimbo wa Wadawida wote. Lewis alitetea maandishi yake. Alisema huwa wanaandika wa jadi kwa sababu ni rahisi, haileti maswali.

"Rahisi kwa nani?" Tryphena aliuliza. "Nilikuambia kwa kinywa changu ni wangu. Ulisema sawa."

Kijana aliinamisha macho. Hatimaye alikiri kwamba alisikia, na kwamba ilikuwa ndefu kueleza.

Hapo Alwi akasimama. Alwi hakuwa mtu wa kusimama vikaoni. Miaka yote alikuwa upande wa utulivu, na utulivu siku zote ulikuwa upande wa Hudson. "Dada Tryphena," alisema, "mwaka ule nilikucheka mbele ya wenzetu. Na juzi nimekusikia ukidhulumiwa, nikanyamaza. Hayo mawili yananihusu mimi, sitamtwika mtu mwingine. Nataka radhi yako." Kisha akamgeukia Hudson. "Na wewe kaka, wimbo una mwenyewe. Mwenyewe ni huyu."

Musyimi aliziweka fimbo za ngoma chini miguuni pa Tryphena, naye ni mtu ambaye hata kulala hulala nazo mfukoni.

Hudson alisema kama ni hivyo basi bendi ichague, yeye au Mama Evelyn. Tryphena alikuwa ameingojea sentensi hiyo kwa siku kadhaa, na hasira iliyokuwa imemjaa ikamtoka kwa utaratibu mpaka mwenyewe akashangaa. Alisema haondoki, wala hamfukuzi mtu. Sauti hii mpya mnayosifiwa nayo ni yangu, alisema. Kwa nini niondoke mimi niwaachie? Jina litaandikwa leo, kabla jua halijazama. Wimbo utarekodiwa upya, na ataimba mwenyewe. Na yale manyoya yarudi yalikotoka. Asiyeweza hayo, mlango wa ghala hauna kufuli.

Lewis alifungua kompyuta palepale akabadilisha maandishi, huku Tryphena amesimama nyuma yake akimtajia herufi za jina lake. Hudson hakuomba radhi. Alifunga gitaa lake katika mfuko na kwenda zake. Watu walidhani hatarudi, lakini mtu wa miaka hamsini na tisa aliyepiga gitaa maisha yake yote atakwenda wapi? Jumamosi alikuwa amekaa mahali pake.

Wendy alikwenda Sofia peke yake wiki hiyo, akasimama mwisho wa foleni bila mahindi. Alipofika mbele alisema, "Anti, mimi sikujua. Niliambiwa ni wa zamani." Tryphena alimwambia kwamba angeuliza. Msichana akasema kweli, angeuliza. Tryphena alikuwa bado na hasira za kutosha kumrudisha alikotoka, lakini alikumbuka jinsi alivyoimba Kilingala miaka yote ile ishirini bila kuuliza hata neno moja. Akamwonyesha gunia la kukalia. Wakaanza na neno la kwanza, lile ambalo Wendy alikuwa amelivunja kuliko yote.

Mwezi wa nane bendi iliitwa kupiga Wundanyi, kwenye sherehe ya mchana katika uwanja wa shule. Bango safari hii lilikuwa na majina matano, na la Tryphena halikuwa la mwisho. Watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Hudson alichukua maikrofoni kutambulisha wimbo, na mbele ya umati ule wote akasema ni wimbo wa bendi yetu. Tryphena aliingojea maikrofoni, akaipokea mkononi mwake, akasema, "Niliutunga mimi, Tryphena Mshai wa Chawia," na kumpa Musyimi ishara.

Ngoma ikaingia. Ubeti wa kwanza ukapita, Wendy akiitikia nyuma na maneno yake sasa yamenyooka. Kisha likaja gitaa. Hudson hakumtazama, na wiki ya ngapi hii hawajasemezana isipokuwa habari za muziki. Lakini vidole vyake vilichukua ile sauti ya wanawake wa foleni na kuirudisha nyembamba na ya kuomba, jinsi hasa ilivyokuwa siku ile ya ndovu, siku ambayo yeye hakuwepo. Ilikuwa nzuri kiasi cha kumkera Tryphena. Mtu huyu, alijisemea, anasikia hivi, na bado alithubutu kusema yale aliyoyasema redioni. Mbele yao wanawake walikuwa wamekwisha kuinuka kutoka kwenye nyasi.

Akamgeukia Musyimi, akamwashiria aongeze mwendo, ili gitaa nalo litoke jasho.